Sabufa kwenye buti: itazame nyuma, mbele, juu au ikae pembeni?

Sabufa ya inchi 12 umeshanunua, boksi limeshavishwa kapeti, waya umeshapita chini ya zulia. Limebaki swali moja, na ndilo linalowagombanisha watu gereji: koni (ule uso wa spika unaocheza) itazame wapi? Mmoja anaapa kwamba lazima itazame mlango wa buti. Mwingine anasema igeuze upande wa viti, ndipo besi itakugonga kifuani. Wote wawili huenda wanasema kweli, kila mmoja kwa gari lake. Hamisha sabufa hiyohiyo kutoka kwenye Premio uiweke kwenye IST, utadhani umenunua nyingine, kwa sababu ndani ya gari besi hailetwi na sabufa peke yake. Bati, vioo, viti na ukubwa wa buti vyote vinachangia.

Hapa tunalinganisha mikao minne kwa magari yaliyojaa kwenye barabara zetu: sedani (Premio, Allion, Mark X), magari madogo yenye mlango wa nyuma (IST, Vitz, Passo) na yale marefu ya mizigo (Fielder, Probox).

Vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na ndicho kizito kuliko vyote, ni umbali kati ya koni na mlango wa buti. Wimbi la besi ni refu mno: kwenye Hz 40 (yaani mitetemo 40 kwa sekunde) lina mita 8.6, kwenye Hz 80 mita 4.3. Sauti ya namna hiyo haimuliki upande mmoja kama tochi. Inasambaa kila upande, inagonga mlango wa buti na kurudi. Sauti inayorudi ikiikuta ile ya mbele inasukuma wakati yenyewe inavuta, zinafutana, na nota hiyo haisikiki tena kwa dereva. Hesabu yake ni nyepesi. Pima kwa mita umbali kutoka koni hadi mlango wa buti, zidisha kwa 4, kisha chukua 343 (mita ambazo sauti husafiri kwa sekunde moja) ugawanye kwa jibu ulilopata. Sentimita 95 zinakupa Hz 90, na hapo ndipo penye shimo. Sentimita 25 zinakupa Hz 343, mbali kabisa na sabufa, ambayo kazi yake kwa kawaida inaishia karibu na Hz 80. Ukiijua hesabu hii, ubishi mwingi wa gereji unakwisha.

Cha pili: buti limeungana na chumba cha abiria au limetengwa? IST haina ukuta kati ya buti na viti. Sedani ina mgongo wa kiti, bati, na ile rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma, na besi inapita pale inapopata upenyo.

Vilivyobaki ni vya maisha ya kila siku: nafasi ya mizigo inayosalia, ugumu wa kazi ya fundi, na kitakachoharibika baadaye. Kumbuka pia aina ya boksi. Lililozibwa pande zote linavumilia kubanwa. Lenye tundu la hewa linahitaji nafasi wazi mbele ya tundu, angalau sawa na kipenyo chake. Kwa bomba la inchi 4, usishuke chini ya sentimita 10. Tundu likisogezwa karibu na ukuta kuliko hapo, utasikia hewa ikifoka na besi inakuwa nzito isiyo na umbo.

Koni ikitazama nyuma

*Sauti.* Boksi linasogezwa nyuma na koni inatazama mlango wa buti, umbali wa sentimita 10 hadi 30. Sauti inayorudi inachelewa kidogo tu, kwa hiyo inaungana na ile ya kwanza badala ya kuifuta. Hata ukiliacha boksi limeegemea viti, koni ikabaki sentimita 60 kutoka mlangoni, shimo linaangukia karibu Hz 143, juu ya eneo la sabufa. Ndiyo maana mkao huu haukosei sana: unavumilia makosa ya vipimo, na unafanya kazi kwenye karibu kila umbo la gari.

*Nafasi.* Boksi linakula upana wote wa buti, ila unaweza kulitoa kwa dakika mbili ukiweka plagi ya waya wa spika.

*Kufunga.* Rahisi. Mikanda miwili ya kufungia mizigo kwenye pete za buti, au vyuma vya kona vyenye boliti. Boksi la kilo 25 likiachwa huru halina tofauti na jiwe siku ya kufunga breki za ghafla.

*Kinachoharibika.* Mlango wa buti. Besi yote inaugonga kwanza, kwa hiyo pleti namba, plastiki ya ndani na fito za kufuli vinaanza kulialia. Mafundi wengi humlaumu mteja kwa kununua "boksi bovu", kumbe kinacholia ni bati. Fungua plastiki ya mlango, bandika shuka la lami ya kuzuia mtetemo kwenye bati. Si lazima ulifunike lote. Kufunika robo hadi nusu, katikati ya bamba pale linapocheza zaidi, kunatosha. Nyuma ya pleti namba weka utepe wa sponji. Mzigo nao ni hatari: ndoo au jeki ikiteleza inachana koni, kwa hiyo kava ya chuma ni ya lazima.

*Inamfaa* mwenye gari la mlango wa nyuma, mwenye sedani ambaye hataki kupasua chochote, na yeyote anayefunga kwa mara ya kwanza.

Koni ikitazama mbele, buti likitengwa

*Sauti.* Hapa koni inatazama viti, boksi linabanwa kwenye uwazi wa kiti cha kukunja, na kingo zote zinazibwa ili sauti iingie kwa abiria tu, isirudi butini. Ukiziba vizuri, mlango wa buti unatoka kwenye hesabu kabisa. Besi inakuwa kavu: mpigo wa kiki (ngoma ya mguu) unaanza na kukatika pale unapotakiwa. Kwa sedani, wapenzi wengi wa sauti safi huishia hapa.

Neno kubwa ni *kuziba*. Boksi likielekezwa mbele bila kuzibwa, koni inakaa karibu na viti, mita moja hivi kutoka mlango wa buti, na hesabu ya juu inakuangusha kwenye Hz 80 hadi 95. Hapo ndipo ngoma na gitaa la besi vinapopata nguvu zake. Besi ya chini kabisa utaisikia, lakini wimbo utakuwa kama umetobolewa katikati, na utazidi kuongeza sauti bila kupona. Huu ndio mkao unaoadhibu uvivu kuliko yote.

*Nafasi.* Boksi linakaa mgongoni mwa viti, buti linabaki na sakafu nzuri ya mizigo. Hata ukikunja kiti cha nyuma, hupitishi mzigo mrefu mpaka boksi litoke, na kikiwa kimesimama koni inahitaji sentimita 5 au zaidi kabla ya kugusa sponji ya kiti.

*Kufunga.* Nusu siku au zaidi. Kata fremu ya MDF (ubao wa unga wa mbao) au plaiwudi ya milimita 18 inayofuata umbo la uwazi. Zungushia utepe wa sponji ngumu wa milimita 10 hadi 15. Kisha vuta boksi mbele kwa boliti mpaka sponji ibonyee nusu. Baada ya hapo panda kwenye ile rafu ya chini ya kioo. Bati lake lina matundu makubwa, na yakiachwa wazi sauti inashuka butini kupitia hapo, kazi yote inakuwa bure. Yafunike kwa bamba jembamba la aluminiamu, juu yake shuka la lami. Njia rahisi ya kukagua: usiku, weka taa inayowaka ndani ya buti, lifunge, kisha kaa kiti cha nyuma. Penye mwanga ndipo penye mwanya.

*Kinachoharibika.* Si kingi, na hili ni jema lake jingine: shinikizo la butini linapungua, kwa hiyo bati halilii sana. Lakini kwenye haibridi kuwa makini. Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina betri kubwa ya umeme nyuma ya kiti cha nyuma, na tundu lake la kuvutia hewa ya kupoza liko ubavuni mwa kiti hichohicho. Ukiliziba kwa kapeti au sponji, betri inapata joto na utakuja kulia bei yake. Na waya wa rangi ya chungwa usiuguse kabisa.

*Inamfaa* mwenye sedani yenye viti vya kukunja, anayesikiliza muziki wenye ala za kweli, na aliye tayari kulipa fundi anayejua useremala.

Koni ikitazama juu

*Sauti.* Kwenye gari la mlango wa nyuma matokeo yanafanana na koni kutazama nyuma, kwa sababu buti ni fupi na kuta zote ziko karibu. Kwenye Fielder au Probox inategemea unaliweka wapi boksi: likikaa nyuma kabisa, vizuri, likikaa karibu na viti, rudi kwenye hesabu ya umbali. Kwenye sedani nafasi kati ya koni na mfuniko wa buti mara nyingi ni ndogo, na ikishuka chini ya sentimita 5 koni inaanza kubanwa na hewa.

*Nafasi.* Boksi linaweza kuwa pana na fupi, likafunika sakafu yote na kuacha buti lenye kina kidogo lakini tambarare. Kwenye Fielder hili linapendeza: unajenga sakafu ya pili juu ya boksi, yenye wavu wa chuma pale palipo na koni.

*Kufunga.* Wastani. Tairi la spea likiwa chini ya sakafu, boksi lazima litolewe kirahisi, la sivyo pancha ya usiku itakufanya uanze kufungua boliti barabarani.

*Kinachoharibika.* Vumbi na vitu vinavyodondoka. Kwa barabara za vumbi jekundu, koni inayotazama juu inakusanya kila kitu, na boksi la tundu linapokea mchanga ndani. Jua nalo linapenya kioo cha nyuma na kuchosha raba ya kingo; gari lenye kioo cheusi lina afadhali.

Kuna hofu moja ya kuondoa hapa: kwamba koni ikitazama juu au chini "italegea na kuzama". Kuzama kupo, ila kunapimika. Tafuta Fs (Hz ambazo koni hupenda kutetemeka yenyewe) kwenye karatasi ya sabufa, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya 250 kwa jibu. Unapata milimita koni inazoshuka kwa uzito wake. Fs ya 28 inatoa milimita 0.3 tu, wakati sabufa nyingi za inchi 12 zinacheza milimita 10 au zaidi kila upande. Hilo halikunyimi usingizi. Sabufa kubwa zenye Fs chini ya 20 ndizo za kufikiria mara mbili.

*Inamfaa* mwenye gari refu la mizigo anayehitaji sakafu tambarare.

Pembeni, kwenye kona ya gurudumu

*Sauti.* Boksi dogo lililozibwa, la sabufa ya inchi 8 au 10, linachongwa kufuata umbo la ubavu wa gari nyuma ya gurudumu. Kona inasaidia: sauti inabanwa na kuta tatu na kupata nguvu. Hata hivyo lita 15 hadi 25 ni lita 15 hadi 25. Usitegemee itapiga kama boksi la lita 55 lenye tundu. Kwenye IST au Vitz tofauti hiyo haiumi sana, maana chumba kidogo chenyewe kinainua besi ya chini, na boksi lililozibwa linapoteza besi ya chini taratibu kiasi kwamba viwili hivyo vinafidiana.

*Nafasi.* Hapa hakuna wa kushindana nao. Begi, dumu la maji na gunia la mchele vinaingia kama kawaida.

*Kufunga.* Ghali kwa kazi, kwa kuwa ni faiba iliyopakwa tabaka kwa tabaka. Liwe na unene wa milimita 6 au zaidi. Faiba nyembamba inapumua na besi inalegea. Kabla ya kutoboa popote, ingia chini ya gari uone: mabomba ya mafuta, nyaya za taa na tangi haviko mbali.

*Kinachoharibika.* Kona za buti hukusanya maji, hasa raba ya mlango ikichakaa. Gusa chini ya kapeti baada ya mvua, kabla hujaweka boksi.

Ndugu wa mkao huu ni sabufa bapa zinazokaa ndani ya rimu ya tairi la spea. Hazili nafasi hata kidogo, ila besi yake ni ya kujazia, si ya kutikisa. Kulitoa tairi la spea ili kupata nafasi ya boksi si jambo la kumshauri mtu anayesafiri Dar hadi Mbeya.

*Inamfaa* dereva wa abiria, mwenye familia, na mtu asiyetaka wezi waone kitu kikubwa kimekaa butini.

Jaribu kabla ya kutoboa

Jaribio hili linachukua dakika ishirini. Unahitaji mtu wa pili, utepe wa karatasi wa kuwekea alama, na wimbo mmoja unaoujua nota kwa nota.

Weka waya wa spika mrefu wa mita 3 ili boksi ligeuke. Milango na vioo vyote vifungwe, buti pia. Mafundi wengi hufungua buti ili mteja asikie, na hilo ni kosa: buti likifunguka umeondoa ukuta uliokuwa unajenga au kufuta sauti. Kaa kiti cha dereva na usibadilishe sauti ya redio. Mwenzako aliweke boksi likitazama nyuma kwa sentimita 10, kisha 30, kisha 60. Baadaye juu, kisha mbele. Kila mkao uwekee alama sakafuni. Cheza pia sauti za majaribio za Hz 40, 50, 63 na 80. Inayozama ghafla kuliko wenzake inakuonyesha shimo lako liko wapi. Programu ya simu ya kupima desibeli haiaminiki kwa namba halisi za besi, lakini kulinganisha mkao na mkao inatosha.

Kwenye kila mkao, badilisha fezi (swichi inayogeuza msukumo wa koni) kutoka 0 kwenda 180, au geuza chanya na hasi kwenye sabufa. Acha ile inayojaza zaidi eneo la Hz 80, pale sabufa inapokabidhiana na spika za milango. Watu wanahamisha maboksi siku nzima wakati tatizo lilikuwa waya mbili zilizopishana.

Redio yako ikiweza kuchelewesha sauti, pima kutoka kichwani kwako. Spika ya mlango wa kulia ikiwa sentimita 90 na sabufa mita 2.4, tofauti ni mita 1.5. Ichelewishe spika ya mlango milisekunde 4.4, na besi itaonekana imehamia kwenye dashibodi.

Mkao mzuri hauponyi umeme mbovu. Kwa amplifaya ya wati 500 halisi tarajia ampea 45 hivi zikivutwa kwa nguvu kamili. Waya wa milimita za mraba 21 wa shaba tupu unatosha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inayopoteza umeme zaidi. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hasi ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka bati ling'ae. Amplifaya usiifunge juu ya boksi, mtetemo unalegeza skrubu na maungio ya ndani.

Kwa hali yako

Una IST, Vitz au Passo na bajeti ndogo: boksi lililozibwa, koni nyuma, sentimita 15 kutoka mlangoni. Ukipakia mizigo kila siku, nenda kona ya gurudumu na sabufa ya inchi 10.

Una Premio au Allion na huna haraka: mbele, ukiwa umeziba fremu na rafu. Huna fundi wa kuziba? Geuza nyuma bila kusita. Mbele ya nusunusu ni mbaya kuliko nyuma ya kawaida. Kama kiti chako cha nyuma hakikunjiki, basi nyuma, na sauti ipite kwenye rafu: fungua matundu ya spika za nyuma yaliyozibwa bila sababu.

Una Fielder au Probox ya kazi: juu, chini ya sakafu ya pili, boksi likiwa nyuma kabisa.

Unapenda muziki wa kupigwa nje, shereheni, buti likiwa wazi: koni nyuma na boksi lenye tundu, na chujio la sauti za chini sana kwenye amplifaya liwekwe karibu na Hz ambazo boksi lilipangiwa, ili koni isiruke hovyo.

Gari lina mtungi wa gesi asilia butini, kama mengi ya Dar es Salaam siku hizi: mkao wa mbele usahau, kwa sababu mtungi umekaa palepale. Tumia kona au boksi fupi linalotazama nyuma, lisiegemee mtungi, lisifunike valvu wala bomba la kutolea hewa, na usitoboe wala kuchomelea chochote butini. Waya wa umeme upite upande wa pili wa mtungi, ndani ya ganda la plastiki. Kisha, kabla ya kuwasha muziki, lipeleke gari kwa fundi wa gesi aliyeufunga mfumo huo aone ulichofanya.